Jinsi ya Kuboresha Sanduku la Kufungia Nyasi Kavu: Kutoka Kukanyaga kwa Miguu hadi Wenzo

Sanduku la mbao la kufungia nyasi kavu linafahamika vizuri kwa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya, na vipimo vyake vya kawaida ni urefu wa sentimita 85, upana wa sentimita 55 na kina cha sentimita 45, likiwa wazi juu na chini. Mfugaji hutandaza kamba, hujaza nyasi za Boma Rhodes zilizokauka, hukanyaga, hufunga, kisha huliinua sanduku na kuliacha robota chini. Likishindiliwa vizuri, robota hilo huwa na uzito wa kilo 20 hivi, yaani takriban kilo 95 kwa kila mita ya ujazo. Hicho si kiasi kibaya kwa kazi ya miguu. Kasoro iko kwenye pembe za sanduku, ambako mguu haufiki sawasawa, na kwenye marobota ya alasiri, wakati mkanyagaji amekwisha kuchoka. Kwa kuwa lori la nyasi hujaa nafasi kabla halijafikia uzito linaloweza kubeba, kila robota lililolegea linamgharimu mfugaji nauli.

Mafundi wengi wakiombwa kutengeneza kishindilio bora huanza kwa kuongeza nguvu: mkono mrefu zaidi, chuma kizito zaidi, hata jeki ya gari. Ninashauri waanze kwa kuuliza nguvu iliyopo inapotelea wapi.

Geuza upande unaoshindiliwa

Chukua wenzo wenye urefu wa mita 2.4 kutoka kwenye egemeo, yaani pini ya nchani ambayo wenzo huzungukia, hadi mahali pa kushika, na ubao wa kushindilia uwe sentimita 30 kutoka kwenye egemeo hilo. Mtu akivuta kwa nguvu ya kilo 30, ubao hupokea mara nane, yaani kilo 240. Ukishindilia upande mpana wa sanduku la zamani, wenye sentimita za mraba 4,675, kila sentimita ya mraba inapata gramu 51 tu. Lisimamishe sanduku ili ushindilie upande wa sentimita 55 kwa 45, na nguvu ileile itakupa gramu 97 kwa sentimita ya mraba. Mgandamizo umekaribia kuongezeka maradufu bila kununua kipande kimoja cha chuma. Kwa sababu hiyo sanduku jipya liwe la wima, lenye kimo cha sentimita 130 hivi ili lipokee nyasi ambazo hazijashindiliwa, na robota likamilike ubao ukifika sentimita 85 kutoka sakafuni.

Wenzo na egemeo lake

Wenzo una sharti lake: kinachopatikana kwa nguvu hulipwa kwa mwendo. Ubao ukiwa sentimita 30 kutoka egemeoni, wenzo ukizunguka nyuzi 25 juu na nyuzi 25 chini ya usawa, ubao hushuka sentimita 25 tu, na nyasi laini za mwanzo zitakumalizia siku nzima. Kwa hiyo weka nafasi mbili za kuunganishia ubao. Ya sentimita 60 inatoa nguvu mara nne na mwendo wa sentimita 51, nayo ni ya kuanzia, wakati nyasi bado hazisukumi kwa nguvu. Ya sentimita 30 ni ya kumalizia. Nguzo ya egemeo nayo iwe na matundu kila baada ya sentimita 15, ili egemeo lipandishwe au lishushwe kulingana na kimo cha nyasi. Ncha ya wenzo itakuwa juu sana mwanzoni mwa mvuto, hivyo ifungwe kamba ya kuvutia.

Kwa wenzo wenyewe tumia bomba la inchi mbili, lenye kipenyo cha nje cha milimita 60 na unene wa ukuta wa milimita 3.6. Bomba la inchi moja na nusu hutosha kwa mtu mmoja, lakini siku watu wawili watakapovuta pamoja, jambo ambalo hutokea kila shamba, mkazo ndani yake utafikia kiwango ambacho chuma cha kawaida huanza kupinda bila kunyooka tena. La inchi mbili hubaki salama. Usilitoboe bomba mahali pa kuunganishia ubao, kwa maana hapo ndipo mkazo wa kupinda ulipo mkubwa kuliko popote. Chomelea masikio ya chuma bapa chini yake, na matundu yawe kwenye masikio hayo. Pini ya milimita 20 haitakatika. Kinachoharibika ni tundu, ambalo vumbi hulila hadi likawa yai, kwa hiyo tia bushi, yaani kipande cha bomba kinachokaa ndani ya tundu, na grisi.

Ubao usichomelewe kwenye wenzo. Sehemu ya wenzo iliyo sentimita 60 kutoka egemeoni husafiri kwa tao, na katika mzunguko niliotaja huyumba kando karibu sentimita 5.6, kiasi kinachotosha kuusokomeza ubao kwenye ukuta na kuukwamisha. Weka kiungo cha sentimita 40 chenye pini juu na chini, na ukipange ili nusu ya kuyumba iwe upande mmoja na nusu upande mwingine. Pande zote za ubao ziachiwe nafasi ya sentimita moja, na kingo zake za chini ziviringwe ili zisiume nyasi.

Fremu na kuta

Nimeona nguzo ya egemeo ikiwa imechimbiwa ardhini kando ya sanduku, na baada ya wiki chache inacheza kama jino bovu. Sababu ni rahisi: ubao unaposukuma nyasi chini kwa kilo 240, egemeo linavutwa juu kwa kilo 210. Nguzo na sakafu ya sanduku lazima viwe fremu moja, ili nguvu hizo mbili zikabiliane ndani ya chuma na udongo usihusike. Hata hivyo mvuto wa mkono hutaka kuupindua mtambo kuelekea kwa anayevuta. Kwa mtambo wa kilo 120, miguu ya chini ikitokeza sentimita 42 kutoka katikati ya sanduku, inatosha kwa shida mtu mmoja; watu wawili wanahitaji sentimita 70. Ifanye iwe mita moja.

Kuta husahaulika mara nyingi, nazo hula nguvu nyingi. Nyasi zikibanwa hutanuka kando, kuta zikatuna, na msuguano ukazuia mgandamizo usifike chini. Ndiyo maana robota hutoka gumu juu na laini chini. Zungushia sanduku mikanda mitatu ya chuma chenye umbo la L, cha milimita 40 kwa 40, na ndani uweke bati bapa laini. Jaza kwa awamu tatu au nne, ukishindilia kila awamu. Ukikadiria kwamba ukuta hupokea nusu ya mgandamizo wa ubao, mlango wa ubavuni wa kutolea robota, wenye sentimita 85 kwa 55, unasukumwa kwa zaidi ya kilo 200, hivyo komeo la mlango wa nyumba halifai hapa. Tumia nondo mbili zinazopita kwenye mabano na kukazwa kwa kabari, kwa kuwa kabari hugongwa ikatoka hata ikiwa imebanwa. Upande wa mlangoni uwe mpana kwa sentimita moja kuliko upande wa nyuma, nalo robota litateleza nje bila kung'ang'aniwa.

Nguvu nyingine hupotea ubao unapoinuliwa, maana nyasi hufutuka tena kama godoro. Funga kwenye kuta meno manne ya chuma yenye springi, yanayorudi nyuma ubao ukipita na kuchomoza tena juu ya nyasi.

Kufunga na kujaribu

Kamba izunguke robota kwa kufuata mwelekeo ulioshindilia, yaani ipite juu na chini, la sivyo haitazuia kitu. Kwa ajili hiyo chonga mifereji miwili ya sentimita mbili kwenye ubao na sakafuni. Kamba ya mkonge inatosha. Waya usitumike kabisa, kwani vipande vyake humezwa na ng'ombe na kumtoboa tumbo. Kabla mtu hajaingiza mkono kufunga, wenzo ushikiliwe na mnyororo uliopachikwa kwenye mguu wa mtambo, kwa sababu ukiachiwa huruka juu kwa kasi inayoweza kuvunja taya.

Pima kwa mizani marobota kumi ya kwanza. Yakifikia kilo 25 katika ujazo uleule, msongamano umepanda hadi kilo 119 kwa mita ya ujazo, na hapo hakikisha nyasi zimekauka hadi shina linavunjika likisokotwa, maana robota lililobana halipitishi hewa kama la zamani na huota ukungu katikati. Yakitofautiana kwa zaidi ya kilo mbili, tazama kwanza ujazaji wa pembe kabla hujagusa wenzo.