Kwa Nini Haibridi Yako Haifikii Kiwango cha Mafuta Kilichotangazwa, na Namna ya Kuitafuta Sababu

Mtu aliyenunua gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, lililotangazwa kwenda kilomita 25 kwa lita, kisha akaona linakwenda 21, huona kama amedanganywa. Kabla ya kulipeleka gereji, inafaa aigeuze hesabu. Kilomita 25 kwa lita ni sawa na lita 4 kwa kilomita 100, na kilomita 21 kwa lita ni lita 4.76. Pengo lote ni robo tatu tu ya lita, sawa na la gari la kawaida lililoshuka kutoka kilomita 12 hadi 11 kwa lita, jambo ambalo wengi hata hawaligundui. Gari linalokula kidogo hukuza kila upotevu machoni pa mwenyewe, kwa hiyo linganisha kwa lita za kila kilomita 100.

Hatua inayofuata ni kujua kiwango hicho kilitokana na kipimo gani. Vipimo hivi hufanyika maabara, gari likiwa juu ya rola, na dereva akifuata ratiba ya mwendo iliyopangwa sekunde kwa sekunde. Kipimo cha JC08 kilichotumika Japani kina mwendo wa wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa na hakivuki 82, hali inayoipendelea sana haibridi. WLTP, kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2017, kinafika kilomita 131 kwa saa, lakini kiyoyozi huwa kimezimwa. Marekani, tangu magari ya mwaka 2008, viwango huzingatia pia mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi kali, ndiyo maana gari lilelile huonekana lenye ulaji mkubwa zaidi kwenye karatasi za huko. Ukichukua namba ya JC08 ukailinganisha na safari zako za barabara kuu, huo si ulinganisho wa haki.

Kisha pima mwenyewe, wala usiitegemee dashibodi peke yake, kwa kuwa makadirio yake mara nyingi hulipendelea gari. Jaza tanki hadi pampu ijikate yenyewe, bila kuongeza matone, na uandike kilomita zilizosomeka. Endesha kama kawaida yako hadi tanki likaribie kwisha, ujaze tena kwa namna ileile, ikiwezekana kwenye pampu ileile, kisha uzidishe lita ulizojaza kwa 100 na ugawanye kwa kilomita ulizokwenda. Lita 31.5 kwa kilomita 630 ni lita 5 kwa kilomita 100. Tanki moja halitoshi kutoa hukumu, kwani pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa. Chukua wastani wa matanki kadhaa.

Ukishapata namba ya kuaminika, jiulize swali moja: katika safari zako, injini huzimika lini? Akiba ya haibridi inatokana zaidi na injini kupumzika pale ambapo ingefanya kazi kwa hasara, na breki kurudisha umeme kwenye betri. Tazama dakika za mwanzo baada ya gari kulala: injini huwaka na kuendelea kunguruma hata umesimama, kwa sababu inapasha moto maji yake na kisafisha moshi, na betri iliyopoa haipokei umeme wa breki kwa wepesi. Anayekwenda kilomita tatu, akaegesha hadi gari lipoe, kisha akarudi kilomita tatu, hulipia dakika hizo mara mbili. Dawa ni kuunganisha shughuli ndogondogo katika safari moja. Wakati wa baridi, hita nayo huomba joto la injini na kuizuia isizime.

Mwendo wa kasi ni sababu nyingine nzito. Ukipanda kutoka kilomita 90 hadi 120 kwa saa, nguvu ya upepo unaolipinga gari huongezeka karibu mara 1.8, na kwa kuwa hufungi breki, mota ya umeme haina cha kuokoa. Carrier ya mizigo juu ya paa huzidisha hasara hiyo hata ikiwa tupu.

Haibridi za kuchaji kwa waya zina pengo la aina yake, na kwa maoni yangu hizi ndizo zinazostahili kutiliwa shaka zaidi. Kiwango chao rasmi hukisia kwamba mwenye gari huchaji mara kwa mara. Takwimu za Tume ya Ulaya zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha kwamba barabarani zilitoa hewa ya ukaa, inayotokana na mafuta yanayochomwa, wastani wa mara 3.5 ya ile iliyotangazwa. Usipochaji, unabeba betri nzito kwa petroli.

Pengo lililokuwapo tangu mwanzo mara nyingi linaelezwa na hayo. Lililozuka ghafla, njia na dereva wakiwa walewale, linahitaji ukaguzi: kwanza upepo wa tairi kabla gari halijatembea, kisha tairi mpya za aina tofauti, breki zinazoshika, na chujio la feni ya kupoza betri, ambalo katika magari mengi liko karibu na kiti cha nyuma na huziba kwa vumbi bila mtu kujua. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime tena kabla ya kugusa kingine.