SOMO: Jinsi ya kujua kama mifugo imeshindilia udongo wa malisho

Kila siku naulizwa, "Nyasi zangu zimedumaa, niweke mbolea gani?" Kabla ya mbolea, kagua udongo.

1. Chagua sehemu mbili zenye udongo wa aina moja: malishoni, na nje ya uzio kwato zisikofika. Epuka getini na kwenye hodhi la maji.

2. Subiri unyevu unaofaa. Hapa ndipo wengi huharibu. Udongo mkavu ni mgumu hata usipokanyagwa, na uliolowa chepechepe huonekana laini hata kama umebanwa. Pima siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, maji yaliyozidi yakishashuka, sehemu zote mbili siku hiyohiyo. Finya donge: likishikana bila kutoa maji, anza. ONYO: usiingize ng'ombe siku hizo! Unyevu huohuo ndio kwato hushindilia vibaya zaidi, kwa sababu chembe huteleza kirahisi na hewa iliyo kati yake hubanwa ikatoka.

3. Choma nondo nyembamba kwa nguvu ileile kote, ulinganishe malishoni na nje ya uzio. Kwato hubana hasa sentimita 10 za juu. Ikigoma sentimita 30 chini, mshuku trekta.

4. Chimba bonge kwa sepetu. Mabamba bapa na mizizi iliyokunja kwenda ubavuni ni dalili tosha.

5. Mwenye mizani apigilie pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana, akaushe udongo wake kwa nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, kisha agawanye uzito kwa ujazo. Udongo wa mfinyanzi ukifika takriban gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, mizizi hukwama. Udongo wa kichanga huvumilia hadi karibu 1.8.

MASWALI

— Mkuu, nyasi hazikui, nitumie mbolea gani?
Anza hatua ya 1.

— Nimechoma nondo kiangazi, haiingii kabisa. Nimekwisha?
Hatua ya 2. Isome yote.

— Kondoo si wana nafuu, maana ni wepesi?
Swali zuri sana. Uzito wao ni mdogo, lakini na kwato ni ndogo, na kundi kubwa halibakizi pa kukanyaga. Ng'ombe naye akitembea, uzito wote huhamia kwato mbili tatu, shinikizo linapanda. Ila angalia zaidi nyasi zilizobaki. Zikiliwa hadi kwenye shina, mizizi hufa, na mizizi ndiyo inayofungua udongo.

— Kwa hiyo nipunguze idadi?
Ikizidi uwezo wa malisho, ndiyo. Lakini hata wachache wasiohamishwa hubana. Gawa vipande, wahamishe, kila kipande kipumzike hadi nyasi zirudi. Nyungunyungu na mizizi watalegeza tabaka la juu.

— Mimi huhamisha na hodhi la maji, njia za ng'ombe zimepungua.
Safi. Hamisha na jiwe la chumvi pia, liweke mbali na maji.