Wakala wa kazi za nje anayeuma na kupuliza: namna ya kumtambua

Dalali anayepeleka watu utumwani Uarabuni au Asia haji na sura ya jambazi. Mara nyingi ni jirani, shangazi wa mbali, au dada mnayesali pamoja. Anakulipia pasipoti, anamwachia mama hela ya sukari, anakuita "mwanangu". Basi usimpime kwa upole wake. Mpime kwa karatasi na kwa muda.

Anza na leseni. Kenya, mawakala waliosajiliwa wako kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA). Tanzania, ulizia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Wengi huangukia hapa: wanaonyeshwa nakala ya leseni, wanalikuta jina la kampuni kwenye orodha, wanatulia. Leseni ni halali, ila aliyeishika si mtu wa kampuni hiyo. Usitumie namba ya simu aliyokuandikia yeye. Itafute mwenyewe kwa mamlaka, upige uulize: fulani ni mtu wenu? Nafasi hii ipo kweli?

Kisha omba mkataba kabla hujatoa pasipoti. Uwe na jina na anwani ya mwajiri, mshahara kwa tarakimu, saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani analipa tiketi ya kurudi, kwa lugha unayoisoma. "Utasaini ukifika" maana yake utasaini ukiwa huna pa kukimbilia. Mikataba ya kazi za ndani Saudia hupitia Musaned, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya huko, mwambie akuonyeshe.

Viza itazame kwa macho yako. Ikiwa ni ya matembezi, haikupi ruhusa ya kazi, hata akiapa kwamba itabadilishwa hukohuko. Vijana wa Afrika Mashariki waliahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakaingia kama watalii, wakavushwa mto Moei kutoka Mae Sot hadi Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Na akikufundisha cha kumwambia afisa wa uhamiaji, eti "sema unamtembelea shangazi", vunja safari siku hiyohiyo.

Bado unasitasita? Mwambie kwa adabu: "Nashukuru sana. Mjomba atausoma mkataba, nitakujibu baada ya siku tatu." Wakala wa kweli huenda akakereka, lakini atasubiri. Mwenye nia mbaya hubadilika palepale. Nafasi ghafla inaisha kesho. Ndugu zako wanakuwa wenye husuda, usiwaambie kitu. Ukishikilia msimamo, anaanza kukuhesabia alichokulipia, na ile hela ya sukari inageuka deni.

Deni hilo lisikufunge mdomo. Sheria ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 2010, zote za kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, hazimwondolei dalali kosa eti kwa sababu ulikubali, ikiwa alikudanganya ukubali. Nenda polisi.

Usiridhike pia na shuhuda ambaye dalali mwenyewe anakuunganisha naye kwa simu. Mtafute aliyemaliza mkataba akarudi, mkae uso kwa uso, dalali asiwepo.

Karatasi zikikaa sawa ukaamua kwenda, waachie watu wawili nyumbani nakala za pasipoti, viza na mkataba. Panga nao sentensi moja ya siri, kwa kuwa huko simu yaweza kusikilizwa. "Mwambieni bibi nimeikumbuka mihogo yake" inatosha kuwajulisha kwamba umekwama.