Kabla hujarudi kukimbia kwenye vijia vya mlimani baada ya kuumia

Pumzi hurudi kabla ya mguu. Umekaa wiki sita hujakimbia, ukajishikiza kwa baiskeli na kuogelea, sasa ukipanda ngazi huhemi na kifundo cha mguu hakikusumbui tena ukitembea. Unajiona umepona. Shida ni kwamba nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kano zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo hupona kwa mwendo wa kobe, na maumivu huaga mapema kabla hazijakomaa. Ndiyo maana swali la "bado panauma?" siliamini sana. Mimi huuliza mguu unaweza kufanya nini.

Jaribio la kwanza halihitaji mlima. Vua viatu, simama karibu na ukuta, nyanyua mguu mmoja, hesabu hadi 30. Anza kusimamia mguu mzima ili uijue kawaida yako, kisha hamia ule ulioumia. Halafu rudia ukiwa umefumba macho. Hapo ndipo wengi hushtuka: mguu mzima unatikisika kidogo na kutulia, lakini ule mwingine unahangaika, vidole vinang'ang'ania sakafu, mkono unapapasa ukuta. Kifundo kinapoteguka haziumii nyuzi peke yake. Hudhoofika pia ile mishipa ya fahamu inayoupasha ubongo habari kwamba mguu umekaaje. Kwenye lami upungufu huo hujificha, maana kila hatua ni ndugu wa iliyotangulia. Kwenye kijia chenye mizizi na mawe yanayobiringika hakuna hatua mbili zinazofanana, na habari ikichelewa kidogo tu, mguu umeshapinda. Dawa yake ni zoezi hilohilo, kila siku. Mimi hulifanya nikipiga mswaki.

Ukishaliweza, simama kwa mguu mmoja ujiinue kwa vidole, kisigino kipande hadi mwisho na kushuka taratibu. Mara 20 hadi 25 bila kupumzika ni kiwango kizuri, ila cha maana zaidi ni pengo kati ya miguu miwili. Kama mmoja unafika 24 na mwingine unagoma kwenye 13, hujawa tayari, hata kama hakuna panapouma. Kisha ruka kwa mguu mmoja mara kumi palepale, na usikilize. Mguu wenye nguvu hutua kimya. Ulio dhaifu hutua kwa kishindo, kama mtu aliyeachia mzigo. Sikio halidanganyiki kirahisi.

Jaribio hilo la kuruka lisifanywe na mtu aliyepata ufa kwenye mfupa. Huyo aanze na daktari, na apewe ruhusa kwanza. Vivyo hivyo ukiwa na maumivu unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, maumivu yanayokuamsha usiku, uvimbe unaorudi kila jioni, au goti linalokwama na kulegea ghafla. Yeyote anayechechemea pia hana habari ya kukimbia. Kuchechemea huhamishia mzigo kwenye nyonga na mguu wa pili, na mwisho utakuwa na majeraha mawili.

Sasa kijia chenyewe. Kiendee kwa kutembea kwanza, dakika 40 hivi za mwendo wa haraka, ukiangalia unavyokanyaga. Usipojutia siku ya pili, anza kuchanganya: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mizunguko minane au kumi, kisha siku nzima ya kupumzika. Pima kwa dakika, sahau kilomita, kwa sababu kilomita moja ya mawe na kilomita moja ya barabara ya udongo hazina uhusiano wowote. Maumivu ya kiwango cha 2 au 3 kati ya 10, yanayotulia kabla saa 24 hazijapita, yanavumilika. Yakizidi hapo, rudi nyuma hatua moja. Na usimeze dawa ya maumivu kabla ya kutoka. Utakuwa umemziba mdomo mlinzi wako mwenyewe.

Mpangilio ni tambarare, kisha mwinuko, na mteremko mwisho kabisa. Watu huogopa kupanda kwa sababu kunachosha, lakini kupanda hukulazimisha kwenda polepole na kila pigo huwa dogo. Kushuka ndiko kunakovunja. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikinyooshwa, na ndiyo hiyo inayokufanya siku moja au mbili baadaye ushuke ngazi kinyumenyume. Misuli ikichoka, kifundo hubaki peke yake.

Hilo nililijua, na bado lilinikuta. Mara ya pili kutegua kifundo cha kushoto nilikuwa nimepanda kwa adabu zote na kutembea kila penye mawe. Zilibaki mita kama mia mbili, mteremko laini wa udongo, mwisho wa njia ukionekana. Nikajiachia. Mzizi haukuzidi unene wa kidole gumba. Miezi miwili mingine ikaenda.

Tangu hapo nachagua mzunguko mfupi unaopita karibu na ninapoanzia, nirudie mara mbili au tatu, badala ya kwenda mbali halafu nikalazimika kurudi hata mguu ukikataa. Simu iwe na chaji, na mtu ajue umekwenda wapi. Epuka saa za magharibi, kivuli na mzizi vikiwa rangi moja.

Viatu navyo vikague: soli iliyolala upande mmoja hukupindisha kabla ya jiwe, na kiatu kipya kisianze kazi siku hiyohiyo unayorudi mlimani. Kifundo kilichoteguka kinafaidika na kishikizo au kufungwa bendeji ya michezo kwa miezi ya mwanzo, wala hakuna aibu. Fimbo mbili za kutembelea pia, hasa kushuka.

Kipimo cha mwisho huja asubuhi yake. Kabla hujaangalia saa yako ilirekodi nini, shuka kitandani utembee hatua kumi bila viatu. Kisigino kikiwa kigumu kuliko asubuhi ya jana, ratiba ya leo ni kutembea.