Mwimo ulioliwa na mchwa: tazama udongo kabla ya kushika msumeno

Mwimo wa mlango, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, ukiugonga kwa mpini wa bisibisi ukavuma kama debe tupu, usikimbilie kununua mbao. Mbao mpya ikisimama pale pale, juu ya udongo ule ule wenye unyevu, mchwa watairudia kwa njia wanayoijua tayari. Useremala ni kazi ya mwisho.

Anza chini kwa tochi. Mchwa wa ardhini wana mwili laini unaokauka upesi hewani, ndiyo maana hujenga vijia vya udongo, vyenye upana wa penseli hivi, na kupita humo. Vitafute kwenye msingi, nyuma ya mabomba na palipo na nyufa ukutani. Ukikiona kijia, usikikwangue chote. Bomoa sentimita 2 katikati, weka alama ya kalamu ukutani, urudi baada ya siku tatu. Pakiwa pamezibwa kwa udongo mbichi, njia inatumika. Pasipozibwa usishangilie bado, huenda wamehamia kijia kingine.

Kama hakuna kijia popote ila chini ya mwimo kuna chembe ngumu mithili ya mchanga, kila moja ina pande sita, hao ni mchwa wa mbao kavu. Huishi ndani ya mbao bila kugusa ardhi, kwa hiyo dawa ya udongo haiwafikii. Kata kipande chenye kundi ukitoe nyumbani.

Mvua zikianza, tazama pia wenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu, kiuno kinene na vipapasio vilivyonyooka. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele yanayapita ya nyuma. Kumbikumbi waliovutwa na taa ya nje si hoja. Lakini wakichomoza kwenye ufa wa sakafu, au ukikuta mabawa yamelundikana chini ya dirisha lililokuwa limefungwa, kundi liko ndani ya nyumba au chini yake.

Sasa uliza maji yanatoka wapi. Mara nyingi jibu ni la kuudhi kwa urahisi wake: bomba la nje linalodondoka, mfereji wa paa ulioziba, au bustani iliyoinuliwa hadi ikafunika msingi. Ziba, zibua, kisha shusha udongo mpaka sentimita 15 za msingi zionekane chini ya mbao. Fukua pia vipande vya mbao vilivyoachwa ardhini wakati wa kumwaga zege. Hicho ni chakula ulichowawekea mwenyewe.

Kwa dawa, chimba mtaro kando ya msingi, upana sentimita 15 na kina 30, bila kupita kitako cha msingi. Kipimo cha kawaida ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mtaro huo, ila lebo ya dawa yako ndiyo inayotawala. Mimina sehemu mtaroni, na nyingine nyunyizia udongo unaourudisha. Dawa kama fipronil huua polepole, na hapo ndipo penye faida: mchwa hawaikwepi, na huambukizana. Dawa ya kupuliza ya mbu huua wale unaowaona tu. Vaa glavu na miwani, usiimwage karibu na kisima, wala wakati mvua inakaribia.

Kijia kikishakauka na wiki kadhaa zikapita bila kutengenezwa, shika msumeno. Uharibifu usipovuka goti, huna haja ya kung'oa mwimo mzima. Choma bisibisi kila sentimita 5 kwenda juu hadi mbao igome, ongeza sentimita 10 za mbao nzima, ukate hapo kwa mshazari wa nyuzi 45, upande wa nje ukiwa chini ili maji yateremke. Bawaba ya chini ikiwa kwenye kipande hicho, toa mlango kwanza. Bandua lipu kwa tindo, kisha safisha udongo wote ulio nyuma ya mwimo.

Kipande kipya kiwe kikavu na cha unene ule ule. Mbao hunywa zaidi kwa kichwani kuliko ubavuni, kwa hiyo simamisha ncha ya chini ndani ya dawa ya mbao kwa nusu saa. Kupaka kwa brashi hakutoshi. Unganisha kwa gundi isiyoogopa maji na skrubu mbili zilizotangulizwa tundu, ukikagua kwa timazi. Mlango uwe na nafasi ya milimita 3 kutoka kwenye mwimo.

Kosa linalorudiwa na mafundi wengi ni kufukia mguu wa mwimo ndani ya zege. Zege likikauka hunywea, hubaki ufa, maji hukaa humo, na ufa wa milimita 1 unawatosha mchwa. Acha sentimita 1 kati ya mbao na sakafu, mwimo ukikalia kipande kidogo cha bati lisiloshika kutu, kilichokunjwa hadi kimo hicho. Nafasi inayobaki usiizibe. Ndiyo dirisha lako la ukaguzi.

Rudisha lipu ya saruji moja kwa mchanga minne, uimwagilie siku tatu, na usipake rangi mpaka ikauke kabisa. Alama ya kalamu ukutani iache. Ipitie kwa tochi kila mwezi, na kila mvua mpya zinapoanza.