Jinsi ya kuongoza tafakari ya Matendo 16 kwenye jumuiya

Shika mistari michache. Matendo 16:6–15 inatosha kwa dakika 45. Ukitaka kumaliza safari zote tatu za Paulo jioni moja, utasoma majina ya miji huku watu wakisinzia.

Njoo na fimbo mbili na kokoto saba. Jumuiya nyingi za Dodoma hukutana uani, na karatasi ya ramani upepo wa kiangazi huichukua, kwa hiyo chora chini, mavumbini. Kokoto ni Antiokia ya Shamu, Listra, Misia, Troa, Samothrake, Neapoli na Filipi. Fimbo moja ilaze mbele ya Asia (jimbo la Kirumi, si bara zima), ya pili mbele ya Bithinia: ndiko Paulo na wenzake walikozuiwa kwenda. Waambie na urefu wa njia: Antiokia hadi Troa kwa nchi kavu ni zaidi ya kilomita 1,000, yaani zaidi ya kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Soma mstari wa 6 hadi wa 8 polepole, mara mbili. Wakiwepo wazee, mtu mmoja asimulie tena kwa Kigogo kabla ya maswali. Andiko linasema Roho aliwazuia, halisemi aliwazuiaje. Hapa ndipo viongozi wengi huharibu, maana hujaza pengo kwa ugonjwa au vita ambavyo havimo. Liache pengo. Uliza tu: walipofika Misia, walijua nini? Walijua wasikopaswa kwenda, basi. Maono ya mtu wa Makedonia akiomba msaada (16:9) yaliwakuta Troa, pwani, nchi ilipoishia.

Kisha wape kazi ya kutafuta kiambishi. Mstari wa 8 ni “wakapita”. Mstari wa 10 ni “tukataka”. “Wa-” imekuwa “tu-”, ndiyo sababu wengi husema Luka, mwandishi wa Matendo, alijiunga nao Troa. Zaidi ya hapo, maono aliyaona Paulo peke yake, lakini kuyapima wakayapima pamoja.

Jambo tamu zaidi usiliseme mapema, wakute wenyewe: Lidia, wa kwanza kutajwa kuamini Filipi, alitoka Thiatira, mji wa Asia ile iliyozuiwa. Wakishaliona, fungueni 19:10. Miaka miwili Efeso, na Asia yote ikasikia neno. Sasa ondoa fimbo ya Asia.

Atatokea wa kusema safari ikiwa nyepesi ndiyo ishara ya kibali. Mpeleke kwenye bahari yenyewe: Troa hadi Neapoli iliwachukua siku mbili (16:11), kurudi kutoka Filipi hadi Troa, siku tano (20:6). Luka ametaja siku tu, wala hakusema Mungu alikuwa mbali mara ya pili.

Angalizo kwa Desemba na Januari, mvua inapokatika na watu wanarudia kupanda mtama. Usimwambie aliyepoteza mbegu kwamba Mungu “amemfungia mlango”. Paulo na wenzake waliisoma safari yao wenyewe. Hawakusomewa na jirani. Mwache aseme mwenyewe, au anyamaze.

Maombi yawe mafupi. Juma lijalo anzeni mstari wa 16, ambako Paulo na Sila, miongoni mwa hao hao walioitwa Makedonia, wanachapwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale.