Tangi la paani linapomwaga maji katika nyumba za kaunti

Maji yakitiririka kwenye bomba la ziada, lile linalotoa maji tangi likijaa kupita kiasi, usikimbilie tangi jipya. Mara nyingi tatizo ni boya, kielea kinachopanda na maji na kufunga valvu tangi likijaa. Nairobi maji huja kwa mgao, na yakirudi huleta mchanga unaokwama chini ya washa, kipande cha mpira kinachoziba maji ndani ya valvu. Funga koki ya kuingizia, fungua valvu na kuitoa, osha mchanga wote, weka washa mpya. Tikisa boya: ukisikia maji ndani, limetoboka, libadilishe. Zungusha tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi za skrubu za valvu kuelekea upande wa kukazia, la sivyo itakunjuka na kuvuja. Valvu ya plastiki usiikaze kwa nguvu nyingi. Boya lifunge maji yakiwa sentimita 3 chini ya bomba la ziada. Andika daftarini nyumba, tarehe na kipuri. Valvu ileile ikiharibika tena, weka chujio kwenye bomba kabla yake.